Hostia Zilizoumuka Nzuguni

Mapadri wanaweza kusema wanavyotaka juu ya madaraka yao, lakini hostia, ule mkate mwembamba wa komunyo, inaanzia jikoni. Kwa parokia nyingi za Dodoma jiko hilo lilikuwa la Sista Restuta, nyuma ya nyumba ya masista pale Nzuguni, kwenye mashine ya mabamba mawili ya chuma yanayofumbana kama kitabu. Unamimina uji mwepesi wa ngano, unafunga, mvuke unafoka pembeni, unasali Salamu Maria mbili, unafungua. Ukisali tatu imeungua. Ukisali moja na nusu umekosa imani, na hostia ni mbichi. Miaka ishirini na mbili hakuwahi kutumia saa.

Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na minane, mzaliwa wa Bihawana, mwenye nadhiri tatu kama masista wote. Ufukara haukumsumbua, maana kwao hapakuwa na kitu cha kuacha. Useja, alisema mwenyewe, ukiwatazama waume wa dada zake unauona ni likizo. Utii ndio uliomtoa jasho.

Na jasho lilizidi alipokuja mkuu mpya wa nyumba, Sista Erica. Huyu Erica alipokuwa novisi, bado mwanafunzi wa utawa, Restuta ndiye aliyemfundisha kuchekecha unga, na alikuwa mchekechaji mbaya kweli kweli, nusu ya unga inabaki kwenye shela yake. Akapelekwa Ulaya kusoma. Akarudi na shahada, na mashine ya kurusha picha ukutani, na mpango wa miaka mitano wa kuiboresha nyumba, pamoja na namna ya kuwahi sala ambazo zilikuwa zinawahiwa tangu zamani. Sasa Restuta ndiye aliyemwita "Mama", na kila alipolitamka neno hilo lilimkwama kidogo kooni, kama mwiba wa perege.

Jambo la kwanza Mama aliloligusa ni unga.

Ngano ya hostia ilisagwa kwa Mzee Abdulkadiri, mwenye mashine ya kusaga karibu na soko. Watu walishangaa Mwislamu kusaga hostia, lakini Restuta hakuwa amepata msagaji mwingine mwenye hofu ya Mungu kiasi hicho. Siku ya ngano, Abdulkadiri alisimamisha mtama na uwele wa watu, akaifungua mashine, akaisugua kwa brashi, kisha akasaga kilo ya kwanza ya kuoshea. Kilo hiyo ilikwenda kwa mkewe, Stara.

"Stara anakula chapati safi kuliko Askofu," Restuta alimtania.

"Sista, wacha ale. Mimi punje moja ya uwele ikiingia humo nitaulizwa na Mungu wangu. Sitaki tena niulizwe na wa kwako."

"Ni huyo huyo, Mzee."

"Basi atauliza mara mbili. Ndiyo mbaya zaidi."

Sista Erica alifika pale mara moja, akaona kuku amelala juu ya gunia, akarudi na uamuzi. Jumamosi ya juma la pili masista watatu walikuwa wanaweka nadhiri za daima, Askofu anakuja, na wageni wengine ni wa maofisini, wale waliohamia na serikali. Hawawezi kupewa unga wa kuku.

"Mama, kuku alikuwa juu ya gunia la mtama," alisema Restuta. "Ngano yetu inakaa kwenye pipa, na pipa lina mfuniko."

"Sista Restuta, dunia imebadilika. Tutanunua unga wa dukani. Na Sista Yudith atajifunza kuoka, ameshaangalia kwenye simu."

Yudith alikuwa karani wa nyumba, mpole, mwenye vidole vya kompyuta.

"Kwenye simu kuna harufu ya kuungua, Mama?"

Hapo ndipo Mama alipoifungua droo na kumwonyesha barua. Haikuwa na sahihi bado. Ilisema kwamba Sista Restuta, kwa faida ya roho yake, atahamia nyumba ya Chemba, akasaidie mbuzi.

"Nitaitia sahihi au nitaichana, itategemea," alisema Mama. "Kwa sasa umechoka. Nenda mafungo ya siku nane, ukimya mtupu. Utatoka Jumamosi asubuhi, tukielekea kwenye misa."

Restuta alielewa vizuri. Siku nane za kuzibwa mdomo, na Yudith akifaulu, ni mbuzi. Alipiga goti, akasema, "Ndiyo, Mama," na tangu hapo hakusema tena.

Tuseme ukweli, siku tano za kwanza alisali. Siku ya sita, Jumatano, alikuwa barazani na rozari yake, akamwona Yudith anapita uani na katoni mbili kifuani. Kila paketi ilikuwa na picha ya keki, imevimba, imepasuka kidogo juu, imewekewa zabibu. Ule ulikuwa unga wa ghali kuliko wote dukani, uliokwisha kutiwa bekingi pauda kiwandani ili mama wa nyumbani asisumbuke. Hostia haitaki kitu chochote zaidi ya ngano na maji. Hata chumvi ni dhambi.

Sasa, sheria ya mafungo inaruhusu kuandika kikaratasi kwa jambo la lazima. Restuta alikijua kifungu hicho vizuri, alishakitumia kuomba sabuni. Akatoa penseli. Akaandika: "Mama, unga huo". Akasimama hapo. Akaitazama ile picha ya keki ikiishia mlangoni mwa jiko lake. Kisha akakikunja kikaratasi, akakitia kwenye kitabu cha Zaburi kuwa alama ya ukurasa, akaendelea na fumbo la tatu la utukufu, kwa utulivu ambao hajawahi kuupata katika sala tangu alipoingia utawa.

Alhamisi saa nne asubuhi nyumba nzima ilinukia vitumbua.

Mlango wa kanisa dogo alimokuwa anasali Restuta ukafunguliwa, akaingia Sista Erica, shela upande, ameshika sahani. Juu ya sahani palikuwa na vitu vya duara, vimetuna tumboni kama vyura. Sura ya msalaba iliyochongwa kwenye bamba ilikuwa imevutika mpaka inafanana na feni.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Mama.

Restuta akainamisha kichwa.

"Sista, zinaumuka. Zote. Yudith amebana mashine mpaka amening'inia kwenye mpini, zinaumuka tu. Kuna nini?"

Restuta akaweka kidole mdomoni, kwa upole sana.

"Najua uko mafungo! Mimi ndiye niliyekupeleka!"

Restuta akageuza macho kwenye tabenakulo, kama mtu anayeliombea jambo hilo.

"Nimepiga simu nyumba zote. Kila mmoja ananijibu wao huagiza kwetu." Mama akaiweka sahani kwenye benchi. "Sista, nakuomba."

Restuta akasogeza punje moja ya rozari.

"Basi nakuamuru. Kwa nadhiri yako ya utii, nakuamuru uongee, na uende jikoni."

"Ndiyo, Mama," alisema Restuta, na safari hii neno lilipita kooni kama maziwa. "Mwambie Yudith azime mashine asije akaungua. Na hivyo vitumbua msivitupe, watoto wa mafundisho watavila na chai."

Ngano ilikuwepo kwa Abdulkadiri, ndani ya pipa, imeshasagwa, maana mzee hakuwa ameambiwa na mtu kwamba dunia imebadilika. Restuta alioka Alhamisi hiyo yote, Ijumaa akakata. Jumamosi hostia zilikuwa nyembamba, nyeupe, zinavunjika kwa mlio. Kwenye chakula, Askofu alisifu kuku, akasifu kwaya, akasema hasa hostia, zisije zikakosekana. Sista Erica akatabasamu kwa wageni kama aliyezisaga kwa meno yake.

Jioni ile ile aliichana barua mbele ya Restuta, vipande vinne. Mambo yangeishia hapo, Restuta kashinda. Lakini mtu akikaa kwenye mafungo siku sita, hata akiwa mjeuri, kitu fulani kinamwingia. Jumapili akaenda kuungama kwa Padri Bartolomayo wa parokia, na akasema yote, pamoja na kikaratasi.

"Malipizi yako," alisema padri, "nenda ukamwonyeshe Mama hicho kikaratasi."

"Padri, nipe rozari kumi."

"Kikaratasi."

Akakipeleka. Sista Erica alisoma yale maneno matatu, akayasoma tena, akakigeuza kuona kama nyuma kuna la nne.

"Uliona."

"Niliona, Mama."

"Ukaniacha nining'inie mbele ya Askofu."

"Yudith ndiye aliyening'inia, Mama."

Hapo, kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka Ulaya, Erica nusura acheke. Nusura tu. Akavuta karatasi mpya, akaandika upya barua ileile kwa mkono, akaitia sahihi, na chini akaongeza mstari mmoja: na mashine aende nayo. Maana Askofu alikuwa amesema zisikosekane, na Mama alikuwa na shahada, hakuwa mjinga.

Restuta aliyekuwa amepigania Nzuguni akagundua kwamba Nzuguni yenyewe hakuwa na haja nayo. Alikaa mbele kwenye basi la Chemba, mashine ameifungia shuka, ameikumbatia kama mgonjwa.

Siku hizi ngano ya Abdulkadiri inapanda kwa basi Jumatatu, hostia zinashuka Ijumaa. Mbuzi wa Chemba wanatunzwa na mtu mwingine. Kuna sharti moja tu: dereva ameelezwa na Sista Restuta kwamba mzigo ni mtakatifu, asimpe mtu yeyote isipokuwa mkuu wa nyumba, mkononi. Kwa hiyo kila Ijumaa saa nane, Sista Erica anasimama stendi kwenye vumbi, katikati ya wapiga debe, anasubiri katoni.

Hilo nalo Restuta aliliungama, kwa padri wa Chemba. Padri akamwuliza kama anajuta.

"Naendelea kujitahidi, Padri," alisema.