Fahali wa Mtama wa Iguhu

Mideva wa Amalemba hajawahi kuwa mpole, na wanaomwita mpole leo hawakuwapo Iguhu siku alipomkata fahali kichwa.

Kazi yake ni sanamu za mbegu. Hufuma fito, huzikandika udongo, kisha hubandika mtama, wimbi na ufuta kwa uji mzito wa muhogo. Waya, msumari na gundi hagusi, tangu alipomkuta ndege amenyongwa na uzi wa nailoni kwenye pambo alilotengeneza yeye mwenyewe. Sanamu zake husimama hadharani, ndege huzila mpaka zikaisha, naye hufurahi zikiisha.

Jairus, mfugaji wa mafahali wa kupigana, alimwendea akilia waziwazi. Fahali wake, Radi, alikuwa ametobolewa tumbo kwa pembe za mpinzani wake uwanjani, matumbo yakamwagika mbele ya watu na wapiga ngoma za isukuti wakanyamaza. Alitaka Radi asimame tena palepale alipoangukia. Mideva akafanya kazi siku tisa, na Radi akasimama kwa mtama mwekundu, kifua mbele, pembe za ufuta mweupe.

"Ng'ombe yangu ilikuwa nyekundu kuliko hii," Jairus alilalamika.

"Mtama ni hiyo, mzee. Rangi ingine sina."

Lakini aliyefiwa na fahali haambiliki. Asubuhi ya sherehe ya kuizindua sanamu, kabla Mideva hajafika, Jairus alibandika mahindi ya kupanda kuanzia paji la uso hadi nundu, yale mekundu yaliyopakwa dawa ya wadudu.

Mideva alifika isukuti zikirindima. Chini ya sanamu palikuwa na tetere wawili, mmoja amekufa, wa pili akijipigapiga mavumbini. Akainua macho, akaiona ile rangi. Kundi zima la ndege lilikuwa linateremka kutoka mtini. Mideva alimpokonya muuza miwa panga, akairukia shingo ya fahali.

Pigo la kwanza liling'oa pembe. La pili, kichwa kikaning'inia, na ndege wakatawanyika kwa kelele. Jairus akamwona Radi akifa mara ya pili.

"Unaua ng'ombe yangu!"

Fimbo yake ilitua kwenye mkono wa Mideva, mfupa ukavunjika kwa mlio kama wa muwa. Mideva akahamishia panga kushoto, akaendelea kukata. Watu wakamwita mchawi, jiwe likampasua paji.

"Ni sumu!" Mideva alipaza sauti. "Hiyo mbegu iko na dawa!"

"Mimi niliosha! Mara mbili! Wakati ya njaa si tulikuwa tunaoshanga hivyo na tunakula?" Jairus alichota konzi ya mahindi yale. "Angalieni, nakula!" Akayatia kinywani.

Mimi ningemwacha ayameze. Mideva alimtandika bapa la panga shavuni kwa nguvu zake zote. Mahindi yakatoka pamoja na damu na meno mawili. Akamwangusha, akamkalia kifuani, akamchokoa kinywa kwa vidole huku Jairus akiving'ata, mpaka punje ya mwisho ikatoka. Mawe yaliinuliwa tena. Ndipo yule tetere wa pili akatulia kando ya kichwa cha Jairus, punje nyekundu mdomoni, macho wazi. Jairus alimtazama muda mrefu, na mawe yakashushwa moja moja.

Waliokota sumu ile wote wawili hadi jioni, mmoja kwa mkono mmoja, mwingine akitema damu, wakaizika mbali na uwanja. Mkono wa Mideva uliunga vibaya na umepinda hata leo. Lakini sanamu yake yoyote haisimamishwi kabla Jairus hajaketi mbele ya mabeseni na kutafuna konzi ya kila mbegu, kwa upande wa kinywa uliobaki na meno. Mideva humngoja ameze, panga mapajani.