Jina Chini ya Chokaa

Siku Khamisi alipomwona Bi Barke kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa akifagia majani ya mikungu mbele ya jumba la mawe, katika mtaa wa Kismayo wenye miti mingi na nyumba za kale. Khamisi, fundi chokaa kutoka kisiwa cha Chula, alisimama na ndoo yake, akainamisha kichwa badala ya kusalimu.

"Weye mchu wa Chula," alisema Bi Barke. "Ulimi umeuacha kisiwani?"

Khamisi akacheka chini chini.

Nyumba ile ilikuwa ya Bi Barke. Baba yake, Mzee Shuaibu, alimpa alipoolewa, maana kwao nyumba hupewa binti. Vita vya mwaka tisini na moja vikamkimbiza yeye na mumewe hadi Mombasa. Aliporudi, mjane asiye na hati, alimkuta ndani mtu aitwaye Mukhtar, amejitwalia nyumba, naye Bi Barke hakukubaliwa kuingia ila kwa ufagio, kama mfagiaji. Miaka sita sasa anafagia ua wake mwenyewe. Wazee wa mtaa walimwambia alete ushahidi kwamba nyumba ni yake.

Khamisi, aliyeitwa na Mukhtar kukarabati kuta, alipobandua chokaa mbovu katika chumba cha ndani, juu ya kidaka, kile kishubaka cha ukutani, likatokea jina lililochorwa kwa kijiti katika chokaa ya zamani: Barke binti Shuaibu. Herufi za Kiarabu alizijua tangu chuoni alikosoma Kurani. Akamwita Bi Barke.

"Ni wiki ya harusi yangu," alisema Bi Barke, kidole kikifuata herufi. "Baba alinishika mkono tukaandika. Usilipake, mwanangu. Alhamisi nawaleta wazee."

"Silipaki, mama."

Jumatano akaingia Mukhtar. "Fundi, kidonda gani hiki? Ziba!"

Khamisi akachukua ndoo. Akakoroga chokaa. Akapaka mkono wa kwanza, akapaka na wa pili.

Alhamisi wazee wakakuta ukuta mweupe.

"Ukwangueni ukuta, jina limo!" alilia Bi Barke.

"Ukuta wangu haukwanguliwi kwa ndoto za mfagiaji," alisema Mukhtar.

Mmoja wa wazee, Mzee Abdulkadiri, akamgeukia Khamisi. "Fundi, uliona jina hapa?"

Khamisi alitazama vidole vya miguu yake. "Mimi nimeishia darasa la nne, mzee. Sikuona cha kusoma."

Wazee wakavaa viatu. Mukhtar akamnyang'anya Bi Barke ufagio, akamwonyesha mlango. Bi Barke akarudi kwanza ukutani, akapitisha kiganja pale jina lilipokuwa.

"Mkono wako mzuri, Khamisi," alimwambia. "Hata mimi silioni."