Lango la Rangi

Asubuhi ile Loserian alinoa shoka kama siku zote. Alikaa juu ya kigogo nyuma ya nyumba yao ya Levolosi, mguu mbovu ameunyoosha, jiwe la kunolea limelowa maji. Mkewe, Nashilu, alikuwa ndani anachemsha chai ya maziwa. Mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni. Majogoo wawili wa jirani walikuwa wanapigana, mmoja keshatoka damu kwenye upanga wa kichwani, na hakuna aliyewaamulia.

Nashilu akatoka na vikombe viwili. Akapitisha kidole gumba kwenye makali, akasema shoka bado butu, naona mnoaji anazeeka. Loserian akamjibu kuwa mbavu za mbuzi hazijawahi kulalamika. Nashilu akacheka. Alikuwa na pengo mbele, na akicheka hakuliziba kwa mkono. Wakanywa chai. Nashilu akalifunga shoka kwenye gunia, akalitia kwapani, akasema leo kuna mpira, watu watajaa, asimsubiri kula.

Hiyo ndiyo asubuhi yao ya mwisho nyumbani. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa, ikaisha kwa maneno ya shoka.

Nashilu alizaliwa upande wa Oldonyosambu, magharibi ya mlima, kwenye boma la ng'ombe. Baba yake aliishi boma moja na kaka yake, na kila mzee alikuwa na lango lake. Kwa lugha yao lango la boma ni enkishomi. Ndugu wale wakagombana, mkubwa akahama, na baba yake Nashilu akaliziba lango la kaka yake kwa miiba. Lango moja linatosha, alisema, na kwa wezi kuna njia moja tu ya kulinda.

Alfajiri moja fisi wakaingia. Ng'ombe wote wakakimbilia lango lile moja. Nice, mdogo wake Nashilu, alikuwa pale na kibuyu cha kukamulia. Baba yao alichomoa sime akawakata ng'ombe watatu miguu ya nyuma ili apate kumfikia mtoto. Alimfikia. Hakuwa na sura tena. Nashilu alikuwa na miaka tisa, na yeye ndiye aliyeshika kichwa cha mdogo wake wakati wa kumfunika.

Hakuwa mtu wa kulisimulia jambo hilo. Ila kila alipoingia mahali, macho yake yalitafuta pa kutokea. Kanisani alikaa karibu na mlango wa ubavuni. Siku Loserian alipomleta nyumbani kama bibi arusi, aliuliza mlango wa nyuma uko wapi. Haukuwepo. Akakaa nje na sanduku lake mpaka Loserian alipochukua sururu na kutoboa ukuta wa udongo, wageni wanatazama, wengine wanamcheka kuwa mwanamume gani anabomolewa nyumba siku ya kwanza. Walilala humo upepo ukiwapiga miguuni.

Nashilu alianza kuuza nyama Mbavuni akiwa bado kijana. Ulikuwa mtaa wa baa na muziki katikati ya mji, na jina ulilipata kwenye mbavu za mbuzi. Ulikuwa mchafu. Maji ya kuoshea vyombo yalikimbia katikati ya njia, na mvua ikinyesha mtu alipoteza kiatu. Lakini ulikuwa na vichochoro saba vya kutokea, na Nashilu alivijua hata akiwa amefumba macho. Watu walipigana pale kila wiki. Mchimbaji mmoja wa madini aliyelewa alimchoma mwenzake kisu cha shingo mbele ya jiko lake. Nashilu akampiga kwenye kifundo cha mkono kwa kisogo cha shoka, mfupa ukalia, kisu kikaanguka. Kisha akaifunga ile shingo kwa kanga yake na kuikandamiza mpaka gari lilipokuja. Watu walitawanyika kama maji, huyu kichochoro hiki, yule kile, hakuna aliyekanyagwa. Mwezi uliofuata mchimbaji alirudi na mkono wenye plasta, akasema shikamoo mama, akakaa akala.

Halafu ikaja habari ya kuupendezesha mtaa. Kampuni ilipewa eneo lote. Tingatinga lilifika asubuhi pamoja na mgambo, na waliochelewa kutoa majiko yao walitolewa kwa rungu. Agnela, Mchaga aliyeuza mbege, pombe ya ndizi, jirani na Nashilu, alivunjwa bega akiwa amekumbatia pipa lake. Nashilu alimrukia mgambo yule akamng'ata sikio. Mwenzake ndiye aliyemng'oa jino. Alirudi nyumbani kinywa kimejaa damu, akalitema jino kwenye kiganja cha mumewe, akaomba maji ya chumvi.

Wakaahidiwa vizimba kwenye mtaa mpya. Wakaitwa mkutanoni, kwenye ukumbi wa shule, kuonyeshwa michoro. Mwenye michoro alikuwa Ludovick, kijana mpole wa Machame, aliyemwamkia kila mtu mzima mmoja mmoja kabla ya kuanza. Ilikuwa mizuri, hilo hakuna aliyelibisha. Mawe ya kukanyagia, jukwaa, viti vya zege, miti, paa za nyasi, na ukuta mrefu kuzunguka pote.

Nashilu hakujua kusoma, na mumewe pia. Lakini aliomba aonyeshwe kizimba chake, akaweka kidole hapo, akakitembeza polepole. Kidole kikafika ukutani. Kikageuka, kikapita kati ya viti vya zege, kikazunguka jukwaa, kikaenda kutokea getini. Geti moja.

"Mwanangu," akamwambia Ludovick, "mimi niko hapa. Moto uko hapo katikati. Nipite wapi?"

Mtu wa kampuni akadakia, "Mama, hawa ni watu, siyo ng'ombe."

Ukumbi ukacheka. Nashilu akangoja wamalize.

"Ng'ombe ana pembe, atasukuma. Mtu ana nini?"

Ludovick hakuwa amecheka. Akatoa kalamu nyekundu, akamuuliza lango la pili alitaka wapi. Nashilu akamwonyesha ukuta wa nyuma. Ludovick akamuuliza kwao lango la namna hiyo huitwaje, na alipoambiwa, akaliandika hivyohivyo kwa herufi kubwa. Akataka kuongeza Kiswahili chini yake. Nashilu akamzuia. Aache hivyohivyo, alisema, wasije wakasahau nani aliliomba. Ndipo akatia dole gumba kwenye karatasi ya kukubali. Njia nzima ya kurudi alimwambia Loserian kwamba neno la mama yake sasa limo kwenye ramani ya mji.

Ujenzi ulichukua mwaka na zaidi. Msimamizi wa kwanza akaondoka, akaja mwingine, hakuwa mtu wa huku. Akaliona lile neno jekundu kwenye mchoro wa ukuta wa nyuma. Akauliza vibarua maana yake. Wakamwambia ni lango la boma la Kimasai. Basi yeye akajua ni pambo, kitu cha watalii, akatafuta fundi wa rangi.

Fundi yule alijua kazi. Alichora lango kubwa kuliko la kweli, na nguzo zake na miiba yake, ng'ombe wanatoka na vumbi limewafunika miguu, mwanamke amesimama pembeni na kibuyu. Juu akaandika ENKISHOMI. Siku ya ufunguzi watu walipanga foleni kupigwa picha pale. Wageni walisema mtaa umepata sura.

Nashilu alipita katikati yao. Akaweka kiganja kwenye picha. Akaigonga kwa kifundo cha kidole. Tofali.

Loserian alikuwa nyuma yake. Alimwona anamtazama yule mwanamke wa kibuyu muda mrefu, kisha akafuta kiganja kwenye kanga kama aliyeshika kitu kichafu.

Ludovick alipoitwa akaja, akaona, akakaa chini kwenye mawe yake mapya na suruali yake safi. Akaandika barua, akaandika nyingine. Akajibiwa kwamba picha inapendwa, na kiwanja cha nyuma kimeshakodishwa kwa maegesho ya malori, watalitazama suala hilo baada ya sikukuu. Nashilu hakungoja sikukuu. Alibadilishana kizimba na Agnela, akahamia ubavuni mwa ile picha. Agnela akamtania kuwa anataka kupigwa picha na Wazungu na pengo lake.

Jumamosi ile ya shoka butu, saa kumi alasiri, watu walijaa kuangalia mpira kwenye kioo kikubwa. Goli likakataliwa. Chupa ikarushwa, ikampasua mtu jicho. Wenzake wakainua viti. Walinzi wakaingia na rungu, wakapiga waliopigana na waliokuwa wamekaa. Mtu mmoja akasukumwa juu ya jiko la mkaa, akaanguka nalo, na makaa yakarukia paa la nyasi. Getini, mlinzi aitwaye Lemomo alikuwa keshaamriwa kwa simu afunge, wagomvi wakamatwe. Akafunga. Geti lenyewe lilifungukia ndani. Alipoona moshi akataka kulifungua, lakini watu walikuwa wameshalilalia, na kila aliyefika nyuma akazidi kulifunga.

Wengine wakaona lango jingine ndani ya moshi, na ng'ombe wanatoka. Wakalikimbilia. Wa mbele wakagonga nyuso zao kwenye picha.

Loserian aliona moshi akiwa nyumbani. Hakwenda getini. Aliburuta mguu wake mpaka kwenye maegesho ya malori, nyuma ya ukuta, kwa sababu alijua mkewe atakuwa wapi. Kabla hajafika akasikia shoka. Pigo, kimya, pigo. Alilijua pigo hilo. Akaokota jiwe akaanza kupiga upande wake, akiita jina la mkewe.

Sauti ikaja kutoka ndani, ikimwita kwa jina la mtoto wao, ya hasira, kama ya mtu aliyekatizwa kazi. "Baba Yiamat, toka hapo mbele, tofali zitakuangukia."

Zikaanguka. Tundu likafunguka, pana kama mabega ya mtu. Agnela akatoka wa kwanza, kwa bega lake bovu, anapiga mayowe. Loserian akawa anavuta. Alivuta mkono wa kijana mmoja, na ngozi ikabaki kiganjani mwake. Akafuta, akavuta mwingine. Ndani, wanaume walikuwa wanapandana. Nashilu alisimama pembeni mwa tundu, akawa anawachapa mapajani kwa mpini wa shoka, kwa nguvu, mmoja apite, mwingine asubiri. Watu waliopona walionyesha alama zake baadaye, na hakuna aliyelalamika. Walipita themanini na zaidi. Getini walikufa kumi na mmoja, wamesimama, hawakuwa na nafasi ya kuanguka.

Tundu lile halikuwa na mhimili juu yake. Moto ulipozidi, ukuta ukateremka. Ukamshika Nashilu kifuani, nusu ndani, nusu nje. Loserian na dereva mmoja wa lori walimchomoa. Mpini wa shoka ulikuwa umevunjika, kichwa cha shoka bado amekishika.

Aliishi siku mbili hospitalini. Kifua kilikuwa kimebonyea na maneno yalikuwa machache. Aliuliza habari za Agnela. Jioni ya pili akamvuta mumewe kwa kola ya shati, akamwambia jambo moja, akalirudia tena ili alishike vizuri. Kabla ya mapambazuko akawa hayupo. Walimzika Oldonyosambu, karibu na mdogo wake.

Siku ya tisa Agnela akaja mbio Levolosi. Kampuni imeleta mafundi, akasema, wanaziba tundu kabla wakaguzi hawajafika, na ndoo za rangi ziko tayari.

Loserian akachukua shoka. Alikuwa amekitia kile kichwa mpini mpya, na alikinoa kila asubuhi, hakujua kazi nyingine ya kufanya saa ile. Akaenda, akaingia kwenye tundu, akakaa. Lemomo alikuwepo, mikono imefungwa bandeji, akatumwa amtoe. Akamtazama mzee, akatazama mikono yake, akaenda kukaa mbali. Fundi mmoja akasema yeye ana watoto wa kulisha, akaweka tofali la kwanza ubavuni mwa Loserian. Loserian akalipiga. Likapasuka vipande viwili, na kipande kikamchana fundi paji la uso. Damu ikamwingia machoni. Akaweka mwiko chini. Loserian akamwambia pigo la pili halitapasua tofali.

Walikuwa bado wanatazamana hivyo, fundi amejishika paji, shoka limeinuliwa, wakati Ludovick alipofika. Amekonda. Wakaguzi walikuwa wamemtaka achore upya, na mchoro alikuwa nao kwapani. Aliwaambia mafundi waache. Akasema shikamoo baba. Akaukunjua mchoro juu ya magoti ya mzee, akamshika kidole akakiweka pale ukuta wa nyuma ulipoachwa wazi, upana wa watu sita kwa mara moja. Akatoa kalamu nyekundu. Akauliza safari hii aandike nini.

Loserian akaliweka shoka chini. Alikuwa na lile neno la Nashilu la jioni ya pili, alilopewa mara mbili, akamtolea kama alivyopewa:

"Mwambie yule kijana simlaumu, tulikosea wote. Aandike mlango. Mlango tu."