Mashine ya Mlio Mkubwa

Mimi ndiye niliyemchagulia. Nalisema mapema, kwa sababu watu wakija kukupa pole hupenda kusema ni mipango ya Mungu. Mipango gani? Ulikuwa mdomo wangu.

Shemeji yangu, mume wa dada, tulimwita Daftari pale ghalani. Miaka kumi na tisa ya kuhesabu vipuri vya baiskeli! Ukimwuliza minyororo iko katoni ngapi, anakujibu huku anafunga kamba za viatu. Ila macho yalikuwa yanakwisha. Daktari alimwambia ni presha ya macho, na kilichokwenda hakirudi. Tulijua sisi wawili tu. Dada hakuambiwa. Meneja ndiyo kabisa, maana nani atamweka mpofu kuhesabu mzigo?

Tukaishi kwa ujanja. Hesabu ilifanywa na watu wawili wawili, mmoja akisoma lebo kwa sauti, mwenzake akiandika. Mimi nilisoma, nikaandika pia, yeye akashika kalamu kwa heshima tu. Wenzetu walitutania kwamba tumegandana kama kupe na ng'ombe. Tulicheka nao.

Ndipo meneja akaja na habari za skana za mkononi, mashine za kusoma lebo. "Kila mtu na mashine yake, na rafu yake. Mambo ya kuimbiana lebo kama kwaya, basi!" Muuzaji akapanga tatu mezani, na meneja akasema mkongwe achague.

Ya kwanza ilikuwa nyepesi, kioo chote kama simu. Ya pili ilisoma lebo za juu bila ngazi. Ya tatu ilikuwa nzito ajabu, ina mshiko kama wa drili na kioo kama stempu, lakini mlio wake, mama yangu! Ikisoma inalia mara moja, ikishindwa inalia mara tatu na kutetemeka mkononi. Muuzaji mwenyewe aliionyesha shingo upande.

Nikamnong'oneza, "Shemeji, ya tatu. Hii utaisikia."

"Ya tatu," akasema kwa sauti. "Hizo nyingine zikianguka mara moja, kwaheri."

Meneja akampiga bega, akasema uzoefu haununuliwi dukani. Zikaletwa kumi na mbili. Wenzetu walinuna kwa uzito wake, nami nikajiona mjanja kuliko wote.

Siku ya hesabu nilipangwa upande wa pampu, yeye kwenye minyororo. Nilisikia mashine yake ikilia moja moja, bila kosa hata moja, moyo ukatulia. Mjinga mimi. Mlio unakwambia lebo imesomwa, haukwambii ni ya katoni ipi. Kichwani mwake katoni zilikuwa sitini na nne, naye akabonyeza mara sitini na nne. Kumbe jioni ya jana yake, alipokwisha kutoka, lori lilichukua zote ikabaki moja. Angepapasa angejua, ila meneja alisimama kule mlangoni akitazama, na Daftari hapapasi katoni mbele ya watu.

Meneja alipofika na karatasi ya lori, alitazama rafu, akatazama mashine. "Katoni moja umeisoma mara sitini na nne? Mzee mzima, umesimama hapa unahesabu hewa! Miaka yote hii umetuhesabia hewa mara ngapi?"

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Shemeji akasikia nikivuta pumzi, akatikisa kichwa. Alijua nikisema tunaondoka wote wawili, na mimi nina watoto watatu. Nikanyamaza. Naona aibu mpaka leo. Akaweka mashine chini taratibu, akaambiwa asirudi.

Nilimsindikiza nyumbani. Dada alikuwa kitini anachambua mchele. Shemeji akamwambia amefukuzwa kwa uvivu.

Dada alicheka sana. "Wewe, uvivu? Jogoo mwenyewe unamwamsha!" Kisha akaniona sicheki. Akaweka ungo chini, akaja pole pole hadi mlangoni niliposimama, anitazame vizuri usoni.

"Si utani, mke wangu," shemeji akasema. "Nilichoka tu, nikafanya uzembe. Unisamehe."

Aliyasema hayo akikitazama kiti kitupu. Dada alikuwa kando yangu, amenishika mkono, na nilihisi kucha zake zikiingia.