Viti vya Basi la Kitale

Gesare wa Kebirigo alikuwa mjane mpole, mpaka alipokodi basi.

Bintiye Persis, aliyeishi na mumewe kwenye shamba la mzungu karibu na Kitale, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume baada ya kuzika wawili. Hao wawili Gesare hakuwahi kuwaona. Huyu wa tatu aliapa atampakata, hata kama ni kwa kutambaa mpaka huko kaskazini. Vita vya Hitler vilikuwa vimekwisha, magari yamezidi barabarani, na Dahir, mfanyabiashara wa Kisii mjini, akakubali kutoa basi lake dogo: waondoke Jumapili alfajiri, walale huko, kesho yake warudi. Sharti lake moja tu, basi lijae.

Kujaa, lilijaa. Waliposikia neno basi, ukoo mzima ulishikwa na hamu ya kumwona mtoto, hata wazee ambao watoto wao wenyewe hawakuwahi kuwabeba. Balaa likawa viti. Vilikuwa vya watu wawili wawili, na Mgusii humkalishi na yeyote tu. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawabanani bega kwa bega. Mama mkwe na mume wa bintiye ndiyo kabisa, hata mkono hawapeani. Wenyewe huita chinsoni, heshima ya kuoneana haya. Mambo mengi ya zamani waliyaacha kanisani siku ya ubatizo, lakini hili walirudi nalo nyumbani.

Basi Gesare akachukua ungo. Punje za mahindi zikawa wanaume, maharagwe yakawa wanawake, na kila alasiri akawa anawahamisha huku na huku mpaka kichwa kinamgonga. Mzee Zachariah, baba mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa punje moja nyeusi, na ndiye aliyemtesa kuliko wote.

"Mimi nitakaa dirishani," alisema. "Na kando yangu asikae mke wa mtoto wangu yeyote."

"Baba, wake za watoto wako ni nusu ya basi."

"Si kuna nusu ingine?"

Mwishowe akampa kiti kizima peke yake ili apate amani. Siku hiyohiyo kuku akapita unguni akawameza watu watano, na Gesare akaanza upya, huku akimtukana kuku matusi yaliyomstahili mtu mwingine.

Nafasi yake mwenyewe ilikuwa mbele, kando ya dereva. Salat, dereva wa Dahir, alikuwa mtu wa mjini, si mkwe wa mtu yeyote Kebirigo. Kiti hicho hakikuwa na haya hata chembe, na Gesare alijipongeza kwa kukivumbua.

Jumapili basi likaja. Watu wakapanda kama alivyowapanga, bila kelele, akaona raha ya ajabu. Akazunguka mbele na kikapu chake cha unga wa wimbi, akafungua mlango. Aliyeshika usukani alikuwa Ombui, mume wa binti yake mwingine, Drusilla.

Ombui aliruka chini upande wa pili akajificha nyuma ya basi. Bonareri, mpwa wa Gesare, akaenda kumsikiliza, akarudi ameinamisha kichwa.

"Mama, anasema Salat ameshikwa na homa, jana usiku Dahir akamchukua yeye badala yake. Anasema ukikaa hapo, hawezi kuendesha."

Ombui alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomuuma. Hata yeye Gesare asingekaa hapo. Akasimama mlangoni mwa basi, machozi ya hasira yakimlengalenga.

"Nimewapangia nyote," akasema. "Sasa mimi nipangieni."

Jibu lilikuwa wazi kwa kila mtu, maana kumhamisha mwingine yeyote kungevuruga viti vyote. Zachariah ahamie mbele, Gesare akae peke yake kwenye kiti cha mzee. Watu wakamgeukia Zachariah. Zachariah akageukia dirisha.

"Mbele kuna joto ya injini," akasema. "Na mimi nimeshakaa."

Hakuna aliyethubutu kumwinua mzee. Mtu baki angempa maneno yake, lakini Gesare alikuwa mke wa mwana, na mke wa mwana hamjibu baba mkwe mbele za watu. Heshima ileile aliyoihangaikia juma zima ndiyo iliyomfunga mdomo.

Akampa Bonareri kikapu. "Mwambie Persis..." Basi likaondoka, na mahali pa mbele pakaenda Kitale patupu.

Nyumbani aliukuta ungo pale alipouacha, watu wote bado wamekaa vizuri. Akawasha moto, akawamimina wote chunguni, akawachemsha mpaka wakaiva. Kisha akaketi na sahani yake, akaitafuta ile punje nyeusi, akaanza na Zachariah.