Nilipokataa Kuketi

Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka, mwanangu, masikio yangu hupata moto mpaka leo. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa masomo ya sheria, msichana wa Kaloleni, mtaa wa watu wa kipato kidogo, binti wa fundi wa reli. Mtaa ulikuwa umeshaanza kuniita wakili kabla sijafungua kitabu. Nikitoka asubuhi na begi langu, vijana waliokaa nje ya ukumbi wa mtaa walinipigia saluti.

"Niaje, wakili! Tukishikwa utatutoa, ama?"

Nami nilicheka na kutembea kwa madaha, nikiamini kwamba kazi ngumu ilikwisha siku nilipopata nafasi chuoni. Najua wengi wenu mnaosubiri kuingia shule ya sheria mko papo hapo sasa. Barua imefika, nyumbani wamepika chapati, shangazi wa Kakamega amepiga simu akilia kwa furaha. Furahini, ni haki yenu. Lakini nisikilizeni.

Mhadhiri wetu wa sheria ya mikataba alikuwa mwanamume mwembamba mwenye sauti ya chini, tuliyemwita Daktari kwa sababu ya shahada yake. Hakuwa mtu wa kusoma makaratasi huku sisi tukiandika. Alikuwa akikuchagua, unasimama mbele ya darasa zima, na unaieleza kesi uliyotakiwa kuisoma nyumbani. Siku hiyo alinichagua mimi.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kuisimulia. Mwenye duka ameweka redio dirishani pamoja na bei yake. Mteja anaingia, anasema naichukua kwa bei hiyo. Mwenye duka anakataa kuuza. Mteja anakwenda mahakamani. Nilikuwa nimeisoma usiku uliotangulia, na niliisimulia vizuri, tena kwa hasira, maana nilimchukia yule mwenye duka. Nilipomaliza, Daktari akauliza, "Swali lililokuwa mbele ya mahakama ni lipi?"

Nikasema, "Kama mwenye duka alikuwa mdanganyifu."

Darasa likacheka. Daktari hakucheka. Akauliza, "Unatoka wapi?"

"Kaloleni."

"Ah. Ndiyo maana. Kwenu mnajua kugombana, hamjui kujenga hoja. Binti, kuna kozi nyingi nzuri za ushonaji. Keti."

Nikaketi. Sikusikia neno jingine mpaka mwisho wa kipindi. Jirani yangu kitini, Hafsa, msichana wa Eastleigh ambaye hatukuwa tumezungumza naye bado, alinisukumia kitambaa chake chini ya meza bila kunitazama. Sikulia. Lakini nilipofika nyumbani nilimwambia mama kwamba sirudi tena. Mama hakubishana nami. Alisema tu, "Kabla hujaamua, nenda ukamwambie Mwalimu Nekesa. Yeye ndiye aliyekufundisha kusoma. Ukimwambia yeye na akakubali, mimi pia nitakubali."

Mwalimu Nekesa alikuwa mkuu wa shule ya msingi aliyestaafu, mjane, mama mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kila Jumamosi aliwakusanya watu katika ukumbi wa Kaloleni kwa midahalo: wazee wa reli, akina mama wa kanisa, vijana wasio na kazi. Nilimkuta akichambua mboga. Nilimweleza yote, hadi habari ya ushonaji. Nilingoja anipe pole.

"Huyo mtu hana adabu," akasema. "Sasa niambie. Swali alilokuuliza, ulilijua jibu lake?"

"Mwalimu, alinitukana!"

"Nimesikia. Nimekuuliza kuhusu swali."

Nikageuza macho kwenye mboga.

"Umeniletea mambo mawili, Imelda, na umeyachanganya. Kuna tusi na kuna swali. Tusi ni lake, atakwenda nalo kaburini asipojirekebisha. Swali ni lako. Mimi sijui sheria na sitajifanya naijua. Lakini nakuona unataka kulitumia lile tusi ili usilijibu lile swali. Hilo sitalikubali nyumbani kwangu."

Nilikasirika, mwanangu. Nilikasirika kuliko nilivyokasirika darasani, maana yule wa darasani alinionea, na huyu alikuwa anasema kweli. Nikasimama niondoke. Akasema bila kuinua kichwa kutoka kwenye mboga zake, "Jumamosi uje ukumbini. Utamtetea mwenye duka."

"Siwezi kumtetea tapeli."

"Basi kweli ukasomee ushonaji."

Nilikwenda. Nilikwenda kwa hasira, lakini nilikwenda. Na nilimchukua Hafsa, ambaye siku iliyofuata chuoni nilimrudishia kitambaa chake na kumwuliza kama yeye alilielewa lile swali. Akasema hapana, ila yeye hakuchaguliwa tu. Tulicheka mpaka mlinzi wa maktaba akatutoa nje. Tangu siku hiyo tulisoma pamoja. Mmoja anasoma kesi kwa sauti, mwingine anamkatiza: nani analalamika? Anataka nini? Jaji ameamua nini, na kwa nini ameamua hivyo? Kiingereza cha zile hukumu kilikuwa kigumu kama kokoto, kwa hiyo tulikigeuza Kiswahili kwanza, wakati mwingine Sheng, lugha ya vijana wa mtaani kwetu, tukishaelewa tunakirudisha kilikotoka. Kumbe hata wale waliosoma shule za gharama kubwa walikuwa wakihangaika na kile Kiingereza, sema walihangaika kwa lafudhi nzuri.

Pale ukumbini hapakuwa na huruma. Nilisimama kumtetea mwenye duka, na mzee mmoja wa reli akapiga kelele kutoka nyuma, "Amenunuliwa huyo!" Nikajaribu kueleza kwamba kuweka kitu dirishani ni kuwaalika watu waje waseme wanataka kununua, bado si kukubali kumuuzia kila anayeingia. Mama mmoja akaniuliza, "Kwa hiyo mimi nikipanga nyanya zangu barabarani, sijaahidi kitu?" Nikasema, "Hujaahidi, mama. Fikiria wateja kumi wakija kwa wakati mmoja na fungu limebaki moja. Utawapa wote?" Akafikiri. Akasema, "Hapo umenena." Ndipo mimi mwenyewe nikaielewa ile kesi. Swali halikuwa nani mwema na nani mbaya. Swali lilikuwa ni wakati gani hasa watu wawili wanakuwa wamekubaliana.

Muhula ulikuwa unakaribia kwisha Daktari aliponichagua tena.

"Binti wa Kaloleni," akasema. "Leo umetuletea hadithi gani?"

Watu wakacheka, ingawa safari hii si wote. Nikasimama. Nikaitaja kesi ya siku hiyo, ya mteja mwingine na muuzaji wake, nikataja swali la mahakama, nikaeleza jibu na sababu zake. Akanikatiza. Akabadilisha mambo: je, kama mteja alikuwa ameshalipa? Nikajibu. Je, kama alilipa akiwa hajui kwamba bei ilikuwa ya makosa? Nikajibu, polepole. Akageuza tena, na hapo nikafika mwisho wa ninachokijua.

"Sijui," nikasema. "Hukumu hii haikugusa jambo hilo. Nikibuni jibu nitakuwa nadanganya."

Daktari akaitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu aliyeonja chakula akakuta chumvi imetosha. "Sahihi," akasema. "Keti."

Mwanangu, hapo ningeweza kuketi. Nilikuwa nimeshinda. Hafsa alinivuta sketi kwa chini akininong'oneza, "Imelda, keti, tafadhali." Lakini lile jambo lingine lilikuwa bado halijapata jibu, na sasa nilikuwa nimepata ujasiri wa kulisema.

"Bado sijamaliza, Daktari. Ulisema mbele ya darasa hili kwamba watu wa kwetu hawajui kujenga hoja. Naomba uliondoe neno hilo, au ulitolee ushahidi."

Daktari alivua miwani yake. "Unanitisha?"

"Hapana. Nakuuliza swali."

Alifunga vitabu vyake akatoka. Mchana huo niliitwa kwa mkuu wa kitivo. Niliambiwa nimemkosea adabu mhadhiri, niandike barua ya kuomba radhi, au jina langu lipelekwe kwenye kamati ya nidhamu. Nilifikiria baba yangu akirudi kutoka karakana na ovaroli yake, akiambiwa kwamba binti yake amefukuzwa. Lakini nilisema, "Niko tayari kuomba radhi kwa kuchelewesha kipindi. Kwa kuuliza, siombi."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Hafsa, na nyuma yake wanafunzi wenzetu, baadhi yao wale wale waliocheka siku ile ya kwanza. Hafsa akasema, "Tulikuwepo. Tumekuja kueleza alichoambiwa Imelda, siku ile na leo." Wakaeleza. Mkuu wa kitivo alisikiliza mpaka mwisho, akasugua uso wake, akaniambia niende nikasome.

Usitarajie nikuambie kwamba Daktari aliniomba msamaha. Hakuniomba. Alinichagua karibu kila kipindi mwaka mzima, na kila mara alinikamua mpaka tone la mwisho. Nilipata alama ya kawaida tu katika somo lake; Hafsa ndiye aliyeng'ara. Lakini tangu siku ile hakumwuliza tena mwanafunzi yeyote anatoka wapi. Mimi nikawa wakili, na kwa miaka mingi nimesimama mahakamani kutetea watu wa Kaloleni, wa Ziwani, wa Dandora, wanapotishiwa kutolewa makwao. Kesi nyingine nimeshinda, nyingine nimeshindwa na kurudi nyumbani bila hamu ya chakula.

Kwa hiyo, mwanangu unayejiandaa, nakwambia waziwazi. Shule ya sheria itakudai kuliko ulivyowahi kudaiwa na shule yoyote, na haitakupunguzia kwa sababu kwenu maji hukatika na stima hupotea. Usiombe ikupunguzie. Soma hukumu yenyewe, usitosheke na muhtasari uliotolewa na simu, maana siku ukisimamishwa simu haitasimama nawe. Jifunze kumtetea mtu usiyempenda. Usipoweza, hutajua hata unayempenda utamtetea vipi. Sema sijui pale usipojua. Tafuta mwenzako wa kusoma naye, na usimwonee wivu akikupita. Mitihani ya mwisho ya uwakili inaangusha wengi. Mimi mwenyewe nilirudia karatasi moja, na hakuna mteja aliyewahi kuniuliza habari zake.

Na atakapokuja mtu wa kukuambia kwamba mtaa wako umekuwekea kikomo, na atakuja tu, mwenye suti nzuri au mwenye huruma ya uongo, kwanza fanya kazi yako mpaka asiwe na pa kukushika. Kisha simama umdai ushahidi. Usipige kelele, usitukane, na usiketi mpaka uwe umemaliza. Ile Sheng yako usiionee haya. Jifunze lugha ya mahakama juu yake, ili siku moja mama anayeuza nyanya akuelewe na jaji akuelewe, na wote wawili wajue ni wewe yule yule.

Nenda basi. Mungu akupe macho ya kusoma usiku na moyo usiochoka mchana. Akupe rafiki atakayegonga mlango ukiwa peke yako ndani. Wanaokudharau wakuchoshe kidogo tu, wasikumalize. Na siku utakayovaa joho, uvae ukiwa mzima, ukiwa mkweli, ukiwa bado wetu. Amina.