Samadi Iliyokuwa Bado Moto

Enzi zetu, bendera ya uhuru ikiwa bado mpya shuleni, mtoto wa shamba alijua kupima joto la samadi kwa mkono kabla hajajua kusoma saa. Mimi nilifundishwa na Koko, ndivyo tulivyomwita bibi, kule kijijini Boanamary. Mama alipofariki, Baba alinitoa kisiwani Nosy Be akaniacha kwake, kisha akarudi kazini bandarini. "Mahindi yakikomaa, nitakuja kukuchukua," aliniambia.

Ardhi ya Koko ilikuwa imechoka. Upande mmoja alipanda mahindi matupu, bila mmea mwingine. Upande wa pili aliyachanganya na majani ya kulisha ng'ombe wake wawili. Samadi yao tuliirundika, tukaichanganya na majivu, tukaifunika kwa majani ya migomba. Kila Ijumaa Koko alipiga bismillahi, akatia mkono. "Bado moto. Iache ipoe."

Kwa harufu ile, kwenye chuo cha Kurani hakuna aliyekaa karibu nami, hata nikioga mara tatu. "Kaa kule, we najisi!" Koko aliposikia alisema, "Najisi huondoka kwa maji, mjukuu wangu. Ndimi zao wataziosha na nini?"

Lakini mimi nilikuwa na haraka ya kumwona Baba. Siku Koko alipokwenda mazikoni, nilizoa samadi mbichi, nikaijaza kwenye mashina ya mahindi matupu, yakomae upesi. Siku chache tu, majani yakawa manjano, yakaungua, miche ikalala.

"Sasa Baba hatakuja!" nililia.

Koko hakunipiga. Aliniongoza upande wa pili. "Huku hukufika, alhamdulillahi. Tutangoja haya."

Yalichelewa, maana yaligombea chakula na majani, lakini yalizaa. Baba alikuja kweli. Alikula hindi la kuchoma, akanipapasa kichwa, akasema, "Mwakani, mwanangu." Aliisema mwakani hiyo miaka minne, kisha akaacha kuja. Namshukuru Mungu aliyenipa Koko.

Vijana wa leo humwaga mbolea ya mfuko jioni, asubuhi wanakwenda kutazama kama mahindi yamezaa. Wajukuu zangu hunipigia simu hapa Tsaramandroso ninapoishi sasa: "Mwakani, Koko, inshallah." Nami naitikia inshallah. Uani nina mistari mitatu ya mahindi, na rundo langu chini ya majani ya migomba. Ijumaa hii nilipiga bismillahi, nikatia mkono. Imepoa. Niligeuka nimwambie mtu, uani sikumwona mtu.